Ukimya wa Zuwena

Rumonge, mwezi 10 Mfungo Tisa 1331

Kwa mdogo wangu Nasoro, aliyeko Usumbura kwenye kambi ya wagonjwa wa malale.

Nakusalimu mara nyingi, maana wewe salamu za watu huzijibu nusu. Sisi huku tu wazima. Mawese yametoka mengi mwaka huu hata mitungi haitoshi. Dagaa nao wamerudi, uani hakuna pa kukanyaga kwa mikeka ya kuanikia, na paka wa jirani wamehamia kwangu. Mguu wangu wa kushoto bado unaniuma, lakini usimwambie daktari wako. Nasikia mtu akisema anaumwa yeye humchoma sindano kwanza, ndipo amuulize anaumwa wapi.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Katika watoto wa baba yetu tumebaki mimi na wewe. Tangu ndui ilipomchukua kaka yetu Abasi pamoja na mkewe Radhia, mtoto wao Zuwena yuko mikononi mwangu, na mwaka huu ametimiza kumi na minane. Wenzake aliocheza nao mchangani wana watoto mgongoni. Nimesemwa kisimani, nimesemwa hata msibani.

Mungu ametuletea posa. Ni Murshid, mwana wa Bi Asya, wale wa duka la nguo karibu na msikiti. Wewe ndiye baba mdogo, wewe ndiye walii wake, bila neno lako hakuna ndoa. Najua kambi haitakupa ruhusa ya kuja. Basi mwandikie Mwalimu Radjabu wa msikitini uwakala, aozeshe kwa niaba yako.

Zuwena amekuwa mtulivu siku hizi. Yule aliyekuwa akitupigia kelele kutwa, sasa hasikiki. Nikimwita huja, nikimtuma huenda, lakini neno hatoi. Bi Asya anasema msichana mwenye haya namna hii hapatikani tena mwambao wote huu. Mimi nimefurahi kusikia hivyo, ingawa nyumba imekuwa kimya mno. Jibu upesi.

Dada yako Biasha

*

Usumbura, 11 Juni 1913

Dada Biasha, shikamoo.

Athumani amenifikishia barua yako ikiwa imelowa upande mmoja. Mtumbwi wake ulipigwa na mawimbi kati ya Gitaza na Kabezi, lakini nimeweza kusoma yote. Mimi mzima. Wagonjwa wa malale hawapungui, na sisi kutwa tumo kwenye matete tunakamata mbung'o. Habari ya mguu wako nimemwambia daktari. Anasema uje, sindano iko tayari.

Nina kazi mpya, nawe usicheke. Bwana daktari anafuga vinzi. Ni vile vidogo vinavyorukia ndizi zilizoiva kupita kiasi. Anavifuga ndani ya chupa zenye ndizi iliyopondwa, kila chupa ina ukoo wake, na anajua babu wa kila kimoja kuliko sisi tunavyowajua wa kwetu. Mimi navipulizia dawa vilale kidogo, halafu naangalia chini ya kioo cha kukuzia na kutenga madume na majike. Dume ni mdogo na ncha ya tumbo lake ni nyeusi. Jike ni mkubwa na tumbo lake limechongoka. Mzungu anataka kujua ni kitu gani hutoka kwa mzazi kikaenda kwa mwana. Nilimwambia kwetu ni ubishi, akaandika.

Habari ya Zuwena imenifurahisha. Murshid namjua, hana makuu, na mama yake akimpenda mtu humpenda kweli. Uwakala umo ndani ya bahasha hii. Ila mwulizeni mwenyewe kwanza, maana mimi si baba mzazi, siwezi kumwozesha bila idhini yake. Akikubali kwa mdomo, vema. Akinyamaza, Mwalimu atakuambia wanavyosema wanachuoni: mwali huona haya kutamka, na kunyamaza kwake huhesabiwa ridhaa.

Mpe salamu zangu. Mwambie baba mdogo anakumbuka alivyokuwa akinisimulia habari za mamba hadi nasinzia, naye anaendelea tu.

Mdogo wako Nasoro

*

Rumonge, mwezi 20 Rajabu 1331

Ndugu yangu Nasoro, salamu zikufikie ukiwa na afya njema, wewe na vinzi vyako. Nimewasimulia wanawake wa hapa, hawaamini kwamba mtu mzima na ndevu zake anaweza kulala na kuamka anavilinda vidudu vya ndizi. Paa la jikoni nimeliezeka upya. Yule mshonaji aitwaye Sikujua, ambaye nimemfanya awe somo wa kumfunda Zuwena katika harusi hii, amejifungua mtoto wa kiume na wote wazima.

Tulimwuliza Zuwena kama ulivyoagiza. Mwalimu Radjabu alikaa barazani na wazee wawili, Zuwena nyuma ya pazia, mimi pembeni yake. Mwalimu akamwuliza kama anaridhia kuolewa na Murshid. Kimya. Akarudia, kimya. Akarudia tena, nikaona machozi yanadondoka juu ya mkeka. Niliwaambia wazee kwamba analia. Mwalimu akasema kulia kwa mwali ni kwa kuwaza kuiacha nyumba, wote hulia. Wakasoma Fatiha. Harusi itakuwa mwezi saba Mfungo Mosi, baada ya Idi.

Nilikuwa na jambo jingine la kukuandikia. Nililiandika, nikalifuta, unaona mwenyewe karatasi ilivyochafuka hapa. Ni mambo ya wanawake, na wewe ni ndugu yangu wa kiume, haya zinanishika. Labda mwili umechelewa tu. Wapo wanaochelewa.

Nguo zake za mwaka jana zote zimembana mabegani. Mtungi wa mawese unaobebwa na watu wawili anaunyanyua peke yake. Nimemwambia Sikujua ashone gauni la harusi liwe pana.

Dada yako Biasha

*

Usumbura, 24 Agosti 1913

Dada Biasha, shikamoo, na Ramadhani iwe ya heri kwenu. Hapa tunafunga huku tunakamata mbung'o juani, na mzungu anatuonea huruma lakini kazi haipunguzi.

Barua hii ilitakiwa iwe imekufika siku nyingi. Niliiandika mwezi wa saba nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaiweka chini ya mto. Leo naipeleka kama ilivyo, hata ukinikasirikia.

Katika vinzi vya bwana daktari kuna ukoo mmoja wa ajabu. Amewapandisha kwa namna ambayo mabinti wote huzaliwa na macho mekundu, na wana wa kiume wote macho meupe. Haikosei, mtu unajua binti kwa macho kabla hujatazama tumbo. Basi mwezi wa sita nilifungua chupa moja nikaona vinzi vyenye macho mekundu, na miili yao ni ya madume kabisa. Macho yanasema ni binti, mwili unasema ni dume. Nikadhani nimechanganya chupa. Bwana daktari akaangalia mwenyewe, akaniambia sikuchanganya.

Wazazi wao nilikuwa nawajua, walikuwa wazima, hawana dalili yoyote. Walikuwa ndugu wa chupa moja. Anavyoeleza yeye, ndani ya mbegu ya kila kiumbe kuna vitu vidogo mno visivyoonekana hata kwa kioo, na hivyo ndivyo vinavyouambia mwili ujengeke hivi au vile. Kimoja kikibadilika, mwili unajengeka njia nyingine. Kilichobadilika mtu anaweza kukibeba maisha yake yote bila kujua, kwa sababu anacho na cha pili kilicho kizima. Lakini wakikutana mume na mke ambao wote wawili wanakibeba, mtoto anaweza kukipata kutoka pande zote mbili. Na hao hukutana zaidi wakiwa wa ukoo mmoja. Nilimwuliza kama ni laana au chakula kibaya. Akasema hapana, hakuna aliyekosa.

Dada, Abasi na Radhia walikuwa watoto wa ndugu wawili. Nimewaza hilo, na mabega ya Zuwena, na mtungi wa mawese, na jambo ulilolifuta. Nimekumbuka pia siku aliyozaliwa. Nilikuwa uani nasubiri, na mkunga alikaa na mtoto muda mrefu kabla hajatoka kutuambia ni msichana.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, na haya tuziache kando. Zuwena amevunja ungo? Na sauti yake ikoje? Mtoto aliyekuwa mwingi wa maneno hawezi kunyamaza bila sababu. Naogopa hakunyamaza kwa kuridhia. Naogopa ananyamaza ili tusimsikie.

Nauondoa uwakala wangu. Mwonyeshe Mwalimu Radjabu maneno haya. Msifunge ndoa mpaka mtoto aseme kwa kinywa chake. Athumani anaondoka kesho asubuhi, nimemsihi asichelewe.

Nasoro

*

Rumonge, mwezi 18 Mfungo Mosi 1331

Nasoro, salamu. Habari za nyumbani nitakupa moja tu, nyumba haina mtu.

Athumani aliamua kula Idi Gitaza kwa mkewe. Barua yako ameileta juzi, ndoa imefungwa siku nyingi. Nimeisoma nikaitupa, nikaiokota nikaisoma tena. Umewezaje kumtaja mtoto wa Abasi pamoja na vidudu vya chupani? Mtoto niliyemlisha kwa kidole? Nimekukasirikia sana, na sijui kama hasira ni kwa ulichoandika au kwa kuwa kimechelewa.

Hajavunja ungo. Hilo ndilo nililolifuta. Na mkunga siku ile aliniita ndani, mimi na mama yetu, akatuonyesha. Akasema umbo bado halijajieleza, mwiteni msichana, mengine yatajitengeneza. Sikuwahi kumwambia mtu. Kila mwaka nilijiambia yanajitengeneza.

Siku ya harusi, somo wake Sikujua alikuja na liwa na maji ya moto amwogeshe mwali. Zuwena akajifungia. Tukabisha, tukabembeleza. Bi Asya na wanawake wa upande wao walikuwa ukumbini, ngoma imeshaanza. Nikamwambia Sikujua ajifanye amesahau kitu aende zake, nikabaki mlangoni peke yangu. Ndipo mtoto akasema. Tangu mwaka jana nilikuwa sijasikia sauti yake ila kukohoa.

“Shangazi, mimi siko wa kuolewa. Sikiliza sauti yangu.”

Nasoro, ilikuwa sauti ya Abasi. Wewe ungemjibu nini? Mimi nilimjibu, “Nyamaza, watu watasikia.”

Akanyamaza. Barazani Mwalimu Radjabu alikuwa anafungisha ndoa kwa uwakala wako, maana mume na wakili wa walii wakiwapo mambo yamekwisha, mwali hahitajiki kutoka. Niliwasikia wanaume wakiitikia amina. Ningeweza kutembea hatua chache nikawaambia wasimame. Nilibaki nimeshika kitasa. Jioni tulipokwenda kumchukua tumpeleke kwa mumewe, dirisha la nyuma liko wazi, gauni pana limekunjwa vizuri juu ya kitanda. Watu wa ufukweni wanasema waliona kijana mwenye shuka akipanda mtumbwi wa wavuvi wanaovuka kwenda Ubwari, ng'ambo ya ziwa, upande wa Wabeleji. Hakuna aliyemtilia shaka.

Bi Asya ameambiwa mwali ameugua, amepelekwa kwa mganga. Sijui ataamini mpaka lini.

Biasha

*

Usumbura, 2 Novemba 1913

Dada yangu Biasha, shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo sio.

Usijilaumu peke yako. Mwezi wa saba nilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika, nao ulikuwa “mngojeni mtoto aseme”. Niliona haya kumwuliza dada yangu mambo ya mwili. Kwa vinzi sikuona haya, nilivigeuzageuza kutwa nzima.

Lipo kosa jingine. Nilimsimulia bwana daktari. Nilidhani atanipa dawa, au neno la kukutuliza. Aliruka kwenye kiti. Alitaka mtoto atafutwe aletwe kambini, apimwe, apigwe picha, aandikwe. Alisema kwa furaha, dada, na si mtu mbaya, ametibu wengi. Lakini nilimwona anamtazama Zuwena kwa jicho lile lile la kwenye kioo, na nikajua wewe ulikuwa na haki ya kukasirika. Nikamwambia mtoto ameshakufa. Mungu anisamehe. Nimeomba kurudi kwenye mbung'o, chupa anazisafisha mtu mwingine.

Halafu nikaenda kwa sheikh wa hapa, jambo ambalo ningelifanya kwanza kama nisingekuwa nimeshangazwa na mambo ya mzungu. Hata hakushtuka. Akasema yupo katika vitabu vyetu tangu zamani, anaitwa khuntha, ambaye maumbile yake hayakuonyesha wazi kama ni mume au mke. Kama mambo hayajadhihirika, watu hungoja. Akifika baleghe, dalili zikitoka za kiume, ndevu na sauti, basi ni mwanamume, anaswali safu ya wanaume, anarithi fungu la mwanamume. Nikamwuliza habari ya ndoa ile. Akasema hakuna ndoa hapo, mwanamume haolewi, Murshid hana mke na mtoto hana mume. Akashangaa kwa nini Mwalimu Radjabu hakuulizwa mapema. Nikamwambia hakuna aliyemwambia kuna la kuulizwa.

Mlango ulikuwepo, dada, katika dini yetu wenyewe, na sisi tulikuwa na funguo. Tulisema aibu, tukakaa kimya sote watatu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na sababu.

Nilivuka hadi Uvira siku ya mapumziko nikauliza. Vijana wanaofanya kazi kwenye mitumbwi ni wengi, na mimi sikujua nimtafute wa sura gani. Akirudi kwako, mfungulie. Mwambie hakuna ndoa na hakuna dhambi. Mwambie baba mdogo anaomba radhi.

Nasoro

*

Rumonge, mwezi 25 Mfungo Sita 1332

Mdogo wangu Nasoro, nakusalimu. Mguu umepungua maumivu. Mvua zimenyesha vizuri, mihogo imeshika. Mwalimu Radjabu nilimwonyesha barua yako, alilia, mzee wa watu. Yeye mwenyewe alikwenda kwa Murshid na mama yake akawaeleza kwa siri kwamba ndoa ilikuwa batili. Murshid alipokea kiungwana, kisha akaenda zake Ujiji kutafuta bidhaa. Bi Asya alitununia miezi mitatu.

Siku ya Maulidi nilisomesha nyumbani kwangu. Bi Asya alikuja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu harusi, amevaa vizuri, amekuja na sahani ya halua, na mimi nilimkalisha karibu yangu ili watu wote waone tumepatana. Nilikuwa na furaha, Nasoro, nisikudanganye.

Mchana akapiga hodi kijana mlangoni. Kanzu nyeupe, kofia, mkononi kikapu cha samaki wabichi, mikeke. Juu ya mdomo ameanza kuota masharubu. Ni Abasi alivyokuwa siku alipomwoa Radhia. Akavua viatu, akasimama pale kizingitini, akatabasamu, akanisalimu, “Amahoro, shangazi.” Sauti ile ile ya nyuma ya mlango, ila sasa aliitoa bila kuificha.

Wanawake wote wakageuka. Bi Asya akaniuliza, “Huyu iko mutoto wa nani?”

Mimi nikasema, “Muuza samaki tu.” Nikamgeukia nikamwambia, “Leo hatununui, baba.”

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniua. Alinitazama kidogo, akasema, “Siuzi. Nimeleta tu.” Akaweka kikapu chini, akavaa viatu vyake, akaenda. Nilibaki nimekaa. Qasida ilikuwa inaendelea na mimi naitikia pamoja na wenzangu. Nilitoka wageni walipokwisha kuaga, nikakimbia na mguu huu mbovu hadi ufukweni. Mitumbwi ya Ubwari ilikuwa imeshaondoka.

Uliniagiza maneno matatu ya kumwambia. Hakuna ndoa, hakuna dhambi, na radhi yako. Sikumwambia hata moja. Samaki nilimgawia jirani, sikuweza kuonja.

Sasa kila mitumbwi ya ng'ambo ikiingia nashuka ufukweni. Nawaambia wavuvi namtafuta mtoto wa kaka yangu, kijana mrefu, mabega mapana, anaishi kwao huko. Ni watu wema, wanataka kunisaidia. Wanasema huko kuna vijana wengi wa namna hiyo, wanitajie yupi. Wananiuliza anaitwa nani.

Nasoro, sijui anaitwa nani.

Dada yako Biasha